Injini ya Dizeli Inapotetemeka Gari Limesimama



Juma hili tuzungumze habari ya gari la dizeli lililokula miaka. Wewe walijua gari la namna hiyo. Barabarani laenda vizuri, mlima lapanda, mzigo labeba. Lakini ukisimama sokoni na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini huanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Usukani unatikisika mkononi, vioo vinalia, na mama aliyekaa nyuma na mtoto anauliza, "Baba, gari hili litatufikisha kweli?" Mafundi wetu huuita mwendo wa injini gari likiwa limesimama "sailensi", na injini ikiruka pigo husema "inamisi". Majina si kitu. Neno kubwa ni hili: ufanye nini kwanza, kabla hujatoa fedha mfukoni?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa, na kosa langu alilipia mtu mwingine.

Nilikuwa nikifanya kazi ya ufundi katika mji mmoja wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mahali pa baridi kali mwezi wa Juni na Julai. Mwalimu mmoja mstaafu akaniletea Land Cruiser yake yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Injini hiyo Toyota ilianza kuitia katika magari yake mwaka 1990, nayo ni injini ya kuvumilia sana. Mchana mwalimu alibeba viazi vya jirani zake kwenda sokoni. Usiku, akigongewa mlango, alimpeleka mgonjwa hospitali.

Akaniambia, "Fundi, asubuhi lanisumbua kuwaka, na nikisimama latetemeka. Naogopa litazimika njiani nami nimebeba mtu."

Nikaisikiliza injini dakika mbili tu, nikajibu kwa haraka, "Mwalimu, pampu ya dizeli imekufa. Hapana budi ikatengenezwe."

Hakubisha, maana aliniamini. Akauza ng'ombe wawili. Pampu ikafunguliwa, ikatiwa vifaa vipya, ikarudi, nikaifunga mahali pake. Tukawasha. Injini ikatetemeka vile vile.

Mwalimu hakunitukana. Alisimama kando ya gari amenyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi. Ndipo nilipoanza kazi iliyonipasa kuianza siku ya kwanza. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kukueleza, upate kujilinda na fundi mwenye haraka kama nilivyokuwa mimi.

KWA NINI ITETEMEKE IKIWA IMESIMAMA

Tangu Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake ikifanya kazi huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, kanuni yake ni ile ile. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi, katika 1HZ zaidi ya mara 22, hata ikawa na moto wa kuwasha mafuta. Ndipo nozeli inaponyunyiza dizeli, nayo hulipuka. Basi kila silinda yataka vitu vitatu: hewa iliyobanwa vizuri, mafuta kiasi kile kile wanachopata wenzake, na mafuta hayo yafike kwa wakati wake. Silinda moja ikikosa kimojawapo, injini hutikisika.

Hesabu nawe. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 650 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 325 katika dakika hiyo, yaani mara tano na zaidi kwa sekunde. Moja ikilala, sikio lako litasikia mapigo matano na pengo, mapigo matano na pengo, kama watu sita wanaotwanga na mmoja amesinzia.

Na kwa nini barabarani usiusikie ugonjwa? Kwa sababu injini ikiwa imesimama, kila nozeli hutoa tone dogo sana, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Katika tone dogo namna hiyo, upungufu kidogo ni upungufu mkubwa. Ukikanyaga mafuta, tone linakuwa kubwa na mzunguko unakuwa wa kasi, na kasoro inafichika. Haikupona, imejificha tu.

KWANZA: TAZAMA NA USIKILIZE

Kabla ya kushika spana, uliza maswali. Je, inatetemeka ikiwa baridi tu, au hata ikiwa imepata moto? Ilianza ghafula, au kidogo kidogo? Ilianza baada ya kujaza mafuta mahali fulani, au baada ya fundi kugusa kitu? Usimfiche fundi jambo lo lote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kisha tazama moshi, gari likiwa nje penye hewa, maana moshi wa gari ndani ya banda lililofungwa huua. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, unaochoma macho, maana yake mafuta yanatoka bila kuungua. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, basi anza na chujio la hewa, huenda limejaa vumbi. Moshi wa rangi ya buluu maana yake injini inakula oili.

Tena, weka kiganja nyuma ya bomba la moshi, mbali kidogo usiungue. Ikiwa moshi unatoka kwa mapigo yaliyo sawa na mlio ni sawa, lakini usukani unatikisika, huenda injini ni nzima. Tazama mipira inayoibeba injini juu ya chasisi. Ikiwa imepasuka au imelainika kwa oili, mtikisiko wote huingia ndani ya gari. Nimeona watu wakibadili nozeli sita, na ugonjwa ulikuwa mpira mmoja wa chini.

Tazama pia kama mzunguko umeshuka mno. Kila injini ina kipimo chake kitabuni, na nyingi za namna hii hutakiwa kuzunguka kati ya mara 650 na 800 kwa dakika. Ikiwa imeshuka chini ya hapo itatetemeka tu, na parafujo ya kurekebisha ipo juu ya pampu. Lakini usiipandishe ili kuficha kelele ya ugonjwa. Hiyo ni sawa na kumpigia ngoma mgonjwa ili asisikike akilia.

PILI: IKIWA NI YA ASUBUHI TU

Kama injini yatetemeka na kutoa moshi mweupe asubuhi, kisha baada ya dakika chache yatulia, shuku plagi za kupasha moto, ambazo mafundi huziita hita plagi. Kazi yake ni kuipasha silinda kabla ya kuwasha. Moja au mbili zikifa, silinda zake huchelewa kuamka. Mwenye kukaa Tanga au Mombasa aweza asitambue, lakini mtu wa Makete au Limuru ataliona jambo hili mwezi wa Julai.

Kuzipima si kazi kubwa. Ondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha. Chukua taa ya kupimia, upande mmoja uushike kwenye chanya ya betri, upande wa pili uguse kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Ukinunua mpya, hakikisha volti zake ni zile zile za zamani.

Nilizipima plagi za mwalimu. Zote sita zilikuwa nzima. Nikaendelea.

TATU: TAFUTA HEWA NDANI YA MAFUTA

Hapa ndipo watu wengi wapotezapo fedha, basi nisikilize vizuri.

Dizeli hutoka tangini, hupita katika mipira na mabomba, huingia katika chujio, kisha hufika kwenye pampu. Katika magari mengi ya zamani hakuna pampu tangini ya kuyasukuma mafuta, ila pampu ya injini yenyewe huyavuta. Kwa hiyo mpira ukiwa na ufa, mara nyingi hautavuja nje. Utavuta hewa ndani. Utatafuta tone la dizeli chini ya gari na hutaliona, nawe utasema, "Hapavuji kitu." Kumbe hewa inaingia, na nozeli zinapata povu badala ya mafuta. Usiku, gari likilala, mafuta hurudi tangini polepole kwa sababu ya ufa ule, na asubuhi wakesha ukipiga stata.

Fanya hivi. Kwanza fungua kizibo cha chini cha chujio, umwage maji yaliyokusanyika, na ubadili chujio kama muda wake umepita. Pili, weka kipande cha mpira mwangavu kati ya chujio na pampu, uone yanayopita ndani. Mapovu machache baada ya kufungua mabomba si kitu, yatapita. Lakini mapovu yakiendelea kupita dakika baada ya dakika, hewa inaingia mahali.

Tatu, chukua dumu safi la lita 5, utie dizeli safi, uliweke mahali pa juu palipo imara, mbali na moto na mbali na feni ya injini. Toa mpira uletao mafuta kutoka tangini kabla ya chujio, na mahali pake uunge mpira mpya unaotoka kwenye dumu. Pampu kwa mkono mpaka hewa itoke, kisha uwashe. Injini ikitulia, ugonjwa uko nyuma, kati ya tangi na chujio, au ni mafuta yenyewe ya tangini. Hujaigusa pampu, hujaigusa nozeli, na gharama yako ni mpira mmoja na dizeli kidogo.

Nilipofanya hivyo kwa gari la mwalimu, injini ilikohoa mara mbili tatu, kisha ikatulia. Ikaunguruma sawasawa, usukani ukanyamaza. Nikalala chini ya gari na taa, nikaufuata mpira wa kutoka tangini kwa vidole. Karibu na tangi, chini ya klipu, palikuwa na ufa usiozidi urefu wa punje ya mchele. Mpira wote haukufika nusu mita. Ng'ombe wawili waliuzwa, na ugonjwa ulikuwa huo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, na ufa tukauacha.

Kumbuka pia vile vimipira vyembamba vinavyorudisha mafuta kutoka juu ya nozeli. Navyo hupasuka kwa uzee na kuingiza hewa gari likilala. Vibadili vyote pamoja, maana vilizaliwa siku moja.

Na habari ya mafuta yenyewe: yanunue mahali unapopaamini. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni adui, kwa sababu pampu nyingi za namna hii hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayalainishi vizuri. Ndiyo sababu mamlaka ya Tanzania, EWURA, ilianza mwaka 2010 kutaka mafuta yatiwe alama ya siri, ili wachanganyaji wapate kujulikana.

NNE: ITAFUTE SILINDA ILIYOLALA

Ikiwa mafuta ni safi, hewa hakuna, na injini bado yaruka pigo hata ikiwa na moto, sasa itafute silinda yenyewe. Lakini sikiliza onyo kwanza. Njia hii ni ya dizeli za zamani tu, zenye pampu ya mitambo. Ikiwa gari lako ni la mfumo mpya uitwao komoni reli, usilegeze bomba injini ikiwaka hata kidogo. Na hata katika gari la zamani, usiweke kamwe mkono mbele ya nozeli au bomba lenye nguvu. Mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano. Yakikuingia, nenda hospitali saa ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba wala haliumi.

Injini ikiwa inazunguka taratibu, vaa miwani, funika nati kwa kitambaa kinene, ulegeze kidogo nati ya bomba linaloingia nozeli ya kwanza. Mafuta ya silinda ile yatavujia kwenye kitambaa. Sikiliza. Ikiwa silinda ilikuwa ikifanya kazi, injini itashuka na kutetemeka zaidi. Kaza, uende ya pili, kisha ya tatu. Ukifika kwenye nati ambayo ukiilegeza injini haibadiliki, umempata aliyelala.

Sasa usikimbilie dukani. Zima injini, badilishana nozeli hiyo na ya silinda jirani iliyo nzima, ukitia washa mpya. Pima tena. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, nozeli ndiyo mbaya, uipeleke kwa wenye mashine ya kupimia waone nguvu yake ya kufunguka, kama inanyunyiza ukungu au inadondosha matone. Ugonjwa ukibaki kwenye silinda ile ile, nozeli haina kosa. Hapo pima tapeti za valvu kwa vipimo vya kitabu, kisha upime nguvu ya kubana ya silinda zote. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, valvu haifungi vizuri, au ringi zimekwisha, au gasiketi imekatika.

MWISHO: PAMPU

Sasa tu, baada ya hayo yote, yafaa kuitaja pampu. Uhakikishe pia taimingi yake iko sawa, maana pampu nzima iliyofungwa vibaya hugonga na kutetemesha kama pampu mbovu. Pampu huharibika kweli, sikatai. Lakini ni kitu cha bei kubwa kuliko vyote nilivyovitaja, na haiwezi kupimwa kwa sikio. Yataka mashine yake. Fundi akikuambia pampu imekufa, muulize kwa upole maswali matatu: "Fundi, umejaribu kwa dumu? Umeona mapovu? Ni silinda gani iliyolala?" Fundi mwema hatakasirika, atafurahi kupata mwenye gari anayeelewa. Akikasirika, nenda kwa mwingine.

Nanyi mafundi wenzangu, mtu akituletea gari lake huwa hajui kilicho ndani. Akikubali neno letu, ameweka mikononi mwetu karo ya mtoto na mifugo ya zizini. Neno "sijui bado, nipe siku moja nitazame" halina aibu. Mimi ningelisema neno hilo, mwalimu angekuwa na ng'ombe wake.

Nilimrudishia fedha yote ya kazi yangu. Fedha ya pampu ilikuwa imekwenda kwa wengine, sikuweza kuirudisha. Nikamwomba radhi, nikaahidi kulitazama gari lake bila malipo siku zote nitakazokuwa pale, nikatimiza. Majuma machache baadaye alipita karakana asubuhi na mapema, macho yamejaa usingizi. Usiku ule alikuwa amempeleka binti wa jirani kujifungua.

"Nilikaa mlangoni pa hospitali saa nzima," akasema, "nikaogopa kuzima injini, nisije nikaambiwa tumpeleke hospitali kubwa nalo likanikatalia kuwaka. Lakini haikuruka pigo hata moja."

Akaenda zake kulala.

Basi, msomaji mpenzi, kesho asubuhi washa gari lako, usiondoke upesi. Kaa kimya dakika moja uisikilize injini, kisha lala chini uitazame mipira ya mafuta mmoja mmoja, hasa chini ya klipu. Ukiona ufa, ubadili mpira leo, bado ni rahisi.

Kwaheri hadi juma lijalo.